Wairimu Hakulia

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kuni, hapakuwa na mtu wa upande wetu wa Gakindu aliyeota jipu asijue njia ya kwenda kwa Cucu. Cucu ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake baba. Nyumba yake ya udongo ilikuwa hapo hapo kwetu, nyuma ya mikahawa, na kando ya mafiga yake lilikaa jiwe jeusi la mtoni, laini, ukubwa wa kiazi kilichokomaa. Jiwe hilo ndilo lililokuwa dawa. Liliponya watu wengi, nami ni mmoja wao. Mbele ya jiwe hilo hilo dada yangu Wairimu aliharibikiwa na mkono wake. Mambo haya mawili yote ni kweli, na nimekaa nayo miaka mingi bila kuyaandika kwa sababu sikujua nianze na lipi.

Cucu aliamini kwamba ugonjwa wa ngozi haukai kwenye ngozi. Unakaa chini yake. Alisema kuna kitu cha baridi kinachomwingia mtu asubuhi na mapema, akikanyaga umande mahali ambapo mgonjwa amemwaga maji yake ya kuoga. Hakukitaja jina, kwa maana kukitaja ni kukiita. Kinajificha chini ya ngozi kama chura chini ya gogo, na dawa yake ni moto, tena uwe moto wa nyumba ya huyo mgonjwa, usiwe wa kuombwa kwa jirani. Alikuwa pia na njia yake ya kujua kama kimetoka. Ukiwekewa jiwe ukalia, bado kimekushika, na kinacholia ni hicho kitu. Ukinyamaza, kimekuacha.

Leo nikiiandika imani hiyo naona hatari yake. Wakati ule yalikuwa maneno ya kawaida, kama kuambiwa usiiruke miguu ya mwenzako aliyeketi. Tena kwa jipu yalikaribia ukweli. Jipu likiwa bichi, ukiligusa kwa unyasi mtu anaruka. Likishaiva kwa joto, likapasuka, usaha ukatoka na kiini chake, unaweza kuliwekea kitu cha moto na mtu akafumba macho kwa raha. Cucu alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake maisha yake yote. Hakuwa akidanganya mtu.

Jipu langu lilinitoka pajani nikiwa darasa la kwanza. Cucu alilifukia jiwe kwenye majivu ya moto, akalitoa kwa vipande viwili vya kuni, akalifunga kwa majani ya maigoya, yale mapana yenye manyoya laini. Akanipaka mafuta ya mbarika, kisha akaliweka. Nilipiga kelele hata mbuzi wakaanza kulia nao.

"Huyu si wa kwetu," Cucu aliwaambia wanawake waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala. "Huyu ni wa kwa kina mama yake. Kule wanalia hata wakikatwa kucha."

Wanawake wakacheka. Mama naye alicheka, kwa sababu mbele ya mama mkwe wake hakuwa na lingine la kufanya.

Utani huo ulikuwa na mizizi yake. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Kwa hiyo mimi, Njeri, nilikuwa nyanya yangu wa upande wa Karatina, kwa kina mama, na dada yangu mkubwa, Wairimu, alikuwa Cucu mwenyewe amezaliwa tena. Baba alipokuja likizo kutoka Murang'a, ambako alifanya kazi ya uashi, alimwita Wairimu "maitu", yaani mama yangu. Cucu alimwita "Mimi". "Mimi bado hajatoka shuleni?" aliuliza kila jioni, na wageni walicheka mpaka wakazoea. Hata mama alimwonea haya kidogo. Sikuwahi kumwona akimpiga Wairimu. Mimi nilipigwa kwa niaba ya wote wawili.

Cucu aliniwekea jiwe kila jioni, na kila jioni nililia na kutaniwa, mpaka jipu likapasuka na maumivu yakaisha ghafla kama mvua inavyokatika. Kovu lake dogo ninalo hadi leo.

Mwaka mmoja baadaye, wakati wa kuchuma kahawa, mama aliona baka kwenye mkono wa kushoto wa Wairimu. Wairimu alikuwa amekunja mikono ya sweta ili asichafue, na baka lilikuwa upande wa nje, chini kidogo ya kiwiko. Rangi yake ilikuwa imefifia kama kitambaa kilichosahauliwa juani. Halikuwasha wala halikuuma. Mama alidhani ni choa, yale mabaka ya mviringo ambayo watoto wote wa shule walikuwa nayo vichwani. Akalisugua kwa majani, lakini halikubadilika. Likaongezeka.

"Nafikiri nimpeleke dispensari," mama alisema jioni moja tukiwa tunamenya viazi kwa Cucu.

"Dispensari watampaka ile dawa ya zambarau arudi kama mtu aliyemwagikiwa wino," Cucu alijibu. "Huoni ni nini hiki? Hiki ni kile kitu. Kimeshakaa chini kabisa, kimetulia. Nitamtolea mimi."

Mama akachukua kiazi kingine, akaendelea kumenya. Mtoto alikuwa wake, lakini jina lilikuwa la Cucu.

Ilikuwa Jumamosi, wanawake wakiwa wametoka kiwandani kupeleka kahawa, vikapu vimelala mdomo chini uani. Mama Gathoni, jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alikuwa hapo na wengine wachache. Wairimu alikalia kigoda. Alikuwa darasa la sita, msichana mrefu, mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyojitokeza. Hakuwa mzuri wa sura kama wasichana wengine, na alilijua hilo. Alikuwa hodari wa hesabu, lakini uani kwetu hakuna aliyesifiwa kwa hesabu.

Cucu alilitoa jiwe kwenye majivu. Majani yalikuwa machache siku hiyo, kwa hiyo alilifunga mara moja tu, na niliyaona yakianza kunyauka kabla halijafika kwenye ngozi. Mimi niliyekuwa nimesimama kando nilifumba macho kwa niaba ya dada yangu. Nilipoyafumbua, jiwe lilikuwa mkononi mwake, limekandamizwa, na Wairimu alikuwa anamtazama kuku aliyekuwa akiparua maganda ya viazi.

Halafu Wairimu akasema, bila kugeuka, "Cucu, bado hujaweka?"

Wanawake waliangua kicheko. Mama Gathoni alijipiga mapaja.

"Msikieni huyu," Cucu akasema. "Ati bado sijaweka. Geuka uone, mtoto wangu, geuka uone."

Alilishikilia pale muda mrefu kuliko alivyowahi kulishikilia kwa mtu yeyote, nafikiri kwa ajili ya fahari tu. Harufu ikatoka. Alipoliinua, ngozi ilikuja na jani. Chini yake palikuwa pekundu na maji maji. Wairimu alipatazama kama anayetazama mkono wa mtu mwingine.

Mtu asiyekulia kwetu hawezi kuelewa kilichofuata. Mama zetu na bibi zetu walikuwa wamepitia kisu cha tohara ujanani mbele ya watu, na aliyekunja uso siku hiyo alisimangwa mpaka alipokuwa na wajukuu. Kuumizwa na kunyamaza ndicho kilichokuwa cheti cha mtu. Wanawake wale walikuwa wamezika waume na ndugu katika miaka ya Hali ya Hatari ya wakoloni, wakachimba mahandaki wakisimamiwa kwa bunduki, na wengine wangali na alama za mijeledi migongoni. Waliona msichana wa darasa la sita akichomwa bila kupepesa jicho, na wakaona kitu walichokiheshimu kuliko vyote. Wakapiga vigelegele. Mama Gathoni alimshika Wairimu kidevu.

"Huyu ni mtu," akasema. "Huyu si hawa wa siku hizi wa kulilia mkate."

"Sikujikaza," Wairimu akasema. "Sikusikia moto."

"Mnasikia? Hata hajisifu. Mwingine angekuwa anatangaza mpaka Mukurweini."

"Kweli, Cucu. Sikusikia kitu."

"Ndivyo inavyokuwa, Mimi," Cucu akamwambia kwa upole, na macho yake yalikuwa na machozi. "Kikitoka, mtu hasikii kitu." Akaingia ndani, akaleta uji wa wimbi katika kibuyu chake mwenyewe, ambacho hata baba hakuwahi kukinywea, akampa.

Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi. Wairimu hakuficha. Alisema kwa maneno rahisi, mbele ya watu wazima, kwamba hakusikia moto. Alisema mara mbili. Watu walikuwa wanajua kabisa cha kufanya na mtoto anayelia, na cha kufanya na mtoto aliyenyamaza. Kwa mtoto anayesema hasikii kitu hawakuwa na pa kumweka, basi wakamweka pamoja na mashujaa.

Kidonda cha moto kilichukua muda mrefu kupona, na kilipopona kiliacha kovu linalong'aa lililofunika baka lote. Hakuna aliyeweza kuliona tena. Cucu aliwaonyesha watu mkono ule kama ushahidi.

Tangu hapo Wairimu akawa na jina. Watoto wenye majipu walipoletwa, aliitwa asimame mbele yao. "Mtazame Wairimu," waliambiwa, "yeye alifanywa hivi na hakulia." Nyumbani akawa ndiye anayeepua sufuria bila kitambaa. Alizishika kwa mkono wa kushoto, akazitua chini taratibu, na tukacheka. Mama Gathoni alimwita Mikono ya Chuma. Alipata malengelenge, yakapasuka, akayafunga kwa vitambaa akaenda shule. Nilimwonea wivu. Nilijaribu siku moja kushika sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, kama yeye, nikaimwaga, nikachapwa kwa ajili ya githeri.

Nafikiri alianza kulipenda jambo lile. Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Nani asingependa? Alikuwa ametembea miaka yote akifunika meno yake kwa kiganja, na sasa watu walimsogezea kigoda.

Baka la pili lilitokea mgongoni mwa kiganja, mkono huo huo. Cucu alilichoma, na Wairimu akanyamaza, na Cucu akaridhika. Kisha kidole cha mwisho kikaanza kujikunja. Mwanzoni tulidhani ni mchezo. Akishika kikombe, kidole kilibaki kimejikunja ndani kama cha ndege aliyekaa kwenye tawi. Kikafuata cha pili yake. Alianza kuangusha vitu, na kahawa mbivu zikawa zinampita vidoleni zikianguka kwenye majani makavu.

Hapo mama alijaribu. Nilikuwa nje nikipepeta maharagwe, nikasikia.

"Mama, mtoto huyu vidole vyake haviko sawa."

"Ni vidonda vya sufuria. Mwambie aache mchezo."

"Ningependa wamwone Nyeri, hospitali kubwa."

"Wamwone wamwambie nini?" Cucu akauliza. "Kwamba Wairimu ni mgonjwa? Mimi nimezaa watoto kwenye shamba la mzungu nikaamka kesho yake kupalilia. Unataka kwenda kuwaambia watu kwamba mimi ni mgonjwa?"

Mama alitoka akanikuta na ungo. Alichukua maharagwe mikononi mwangu akaanza kuyapepeta yeye, kwa nguvu, mpaka mengine yakamwagika.

Watu wa afya walikuja shuleni muhula uliofuata kutuchanja. Aliyekuwa na sindano aliitwa Bwana Wekesa, mtu wa magharibi, mnene, mpole, aliyewaita wasichana wote "dada". Tulipangwa mstari nje ya ofisi, wadogo mbele, na wadogo tukaanza kulia kabla hatujaguswa. Mwalimu mkuu aliona aibu. Akamwita Wairimu kutoka darasa la saba awe wa kwanza, ili tuone.

Alikuja mbele, akavua sweta. Darasa lake zima lilikuwa dirishani. Bwana Wekesa aliushika mkono wa kushoto, akapitisha pamba begani, halafu akasita. Alikuwa ameona kovu chini ya kiwiko. Akalifuata kwa kidole mpaka kwenye kiganja, akaona malengelenge, akaona vidole.

"Ulichomwa na nini hapa, dada?"

"Huyo hasikii moto, daktari," mvulana mmoja akapaza sauti dirishani. "Huyo ni chuma."

Watoto walicheka. Hata mwalimu mkuu alitabasamu. Bwana Wekesa hakucheka. Aliiweka sindano chini, akachukua kipande kipya cha pamba, akakisokota ncha.

"Funga macho. Nikikugusa, sema 'sasa'."

Alimgusa shavuni. "Sasa," Wairimu akasema. Akamgusa mkono wa kulia. "Sasa." Akamgusa mkono wa kushoto, kwenye baka, na pembeni yake, na kwenye kidole cha mwisho. Wairimu alikuwa kimya. Bwana Wekesa aliweka pamba kando, akachukua sindano nyingine, akamdunga kidogo pale pale. Tone la damu lilitoka, likashuka mpaka kwenye kifundo. Dada yangu alikuwa amesimama wima, macho ameyafumba, ametabasamu kidogo kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Alikuwa bado anangoja aguswe.

Jioni ile Bwana Wekesa alikuja nyumbani pamoja na mwalimu mkuu. Walikaa uani. Cucu alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kwa wazungu upande wa Nanyuki, na hakungoja mwalimu atafsiri.

"Hii mutoto haina ugonjwa, bwana. Mimi nachoma yeye na moto, na hakuria."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, nyanya," Bwana Wekesa akasema. Alisema polepole. "Ngozi yake hapo imekufa ganzi. Hata ungemchoma mpaka kwenye mfupa, hangelia."

Cucu alimgeukia mama. "Anasema nini huyu mtu?"

Alikuwa ameelewa. Nilimwona usoni kwamba ameelewa. Alitaka mtu mwingine ndiye aseme.

"Anasema ni ukoma," mama akajibu.

Bwana Wekesa alieleza kwamba unatibika, kwamba kuna vidonge, kwamba Wairimu atavimeza miaka kadhaa na atapona. Vidole vilivyokwisha kujikunja hakuweza kuviahidi. Mama aliuliza swali moja tu: kama wangempeleka baka likiwa moja, ingekuwaje. Bwana Wekesa alimtazama kwanza mwalimu mkuu, halafu akatazama ardhi.

"Ingekuwa afadhali," akasema.

Sijui habari zilitembea vipi, lakini kesho yake mchana kila mtu alijua. Mama Gathoni alikuja akasimama nje ya ua, mahali ambapo hakuwahi kusimama tangu nizaliwe. Alimuuliza mama kama yule mtoto bado yuko. Hakusema Wairimu. Hakusema Mikono ya Chuma. Wanawake waliopiga vigelegele wakaanza kusema kile kitu kilikuwa kinakaa kwenye mafiga ya Cucu miaka yote, na kwamba Cucu alikuwa akiwagawia watu badala ya kuwatolea. Waliokuwa wamepona majipu kwa jiwe lake walisema hivyo pia. Mimi na Wairimu tuliambiwa tusije kanisani kwanza.

Hospitali ya wagonjwa hao ilikuwa mbali sana, karibu na mpaka wa Uganda. Baba alikuja kutoka Murang'a kumpeleka. Siku zilikuwa zimekaribia mtihani wa darasa la saba, na Wairimu alimwuliza baba kama huko kuna shule ambako angeweza kuufanya. Baba alisema iko. Hakujua kama iko. Nilikuja kujua baadaye kwamba Wairimu hakuufanya mtihani ule.

Tulimsindikiza mpaka barabarani. Watu walitoka kwenye mashamba yao wakasimama mbali, upande wa juu wa barabara. Mama alikuwa analia wazi wazi. Wairimu alikuwa amefunga mkono kwa shali ya Cucu na kutazama mbele.

"Hata leo halii," sauti ya Mama Gathoni ilisema huko juu.

Lakini nilikuwa karibu naye, nikaona mdomo wake wa chini umeumwa kwa yale meno mpaka ukawa mweupe. Siku hiyo alikuwa anasikia kila kitu. Alikuwa ameshafundishwa.

Cucu hakuja barabarani. Alasiri, mama alinituma nimpelekee chai. Nilimkuta amekaa chini kando ya mafiga, mkono wa gauni umepandishwa, na jiwe liko sakafuni halina jani hata moja. Chini ya kiwiko cha mkono wake wa kushoto ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, mahali pale pale. Alikuwa analia kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeogopa kusikika.

"Inauma, Njeri," akaniambia. "Inauma sana."

Niliweka chai chini nikaenda kumwita mama. Mama alikuja na mafuta ya mbarika akampaka, akafunga kidonda kwa kitambaa safi, akavuta mkono wa gauni ukakifunika. Nilidhani angemwambia kitu siku ile. Alikuwa na haki ya kumwambia. Alichukua kikombe, akampa chai ainywe ingali moto, akarudi kwenye mikahawa.

Cucu hakumchoma mtu tena, wala hakuna aliyekuja. Tulipoota majipu, mama alichovya kitambaa katika maji ya moto, akajaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe, kisha akatuwekea. Majipu yalipona vizuri tu. Joto lile lile lilifanya kazi ile ile, bila mtu kuulizwa kama ni mwoga.

Nimewahi kusikia wasomi wakisema wazee wetu walikuwa wajinga. Hayo si maneno yangu. Cucu alijua mambo mengi ya kweli juu ya moto na ngozi. Kilichoniachia uchungu ni kwamba tulikuwa na mtoto aliyetuambia kweli, naye hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwuliza, "Husikii vipi?" Tulikuwa tumependa sana watu wasiolia. Nafikiri tulikuwa tumeumizwa mno hata hatukuweza kupenda wengine.

Wairimu alipona miaka mingi iliyopita. Vidonge vilimaliza ugonjwa, na hawezi kumwambukiza mtu. Vidole vinne vya mkono wa kushoto vimebaki vimejikunja, na viwili ni vifupi, kwa sababu ya moto na vidonda ambavyo hakuvisikia kwa wakati. Hakurudi kuishi Gakindu. Alijaribu mara moja, akakaa muda mfupi, akaona jinsi watu wanavyoangalia kikombe alichotumia, akarudi kule kule, ambako analima bustani ya hospitali na kuwafundisha wagonjwa wapya kujikagua miguu na mikono kila jioni, kwa macho, kwa sababu ngozi haitawaambia.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, alisafiri kuja kuniona. Ninakaa sasa Nyeri mjini, kwa watu wa mume wangu. Msichana huyo kwa desturi yetu alikuwa na jina la mama mkwe wangu, na mama mkwe alikuwepo, amesimama mlangoni, anatazama mikono ya dada yangu. Mimi ni mtu wa haya. Katika nyumba hiyo sikuwa nimewahi kusema jambo kabla halijasemwa na mwingine.

Wairimu alikuwa amemwaga maji ndani ya beseni. Alikaa mbele yake, hakuyagusa.

"Njeri, nipimie," akasema. "Mimi siwezi kujua."

Nilichovya kiwiko. Yalikuwa moto kidogo. Niliongeza ya baridi, nikachovya tena. Mama mkwe wangu alikohoa, akanyoosha mikono kuja kumchukua mtoto.

"Wacha, mama," nikamwambia. "Ataogeshwa na dada yangu."

Nikamfungua mtoto nguo, nikamweka mikononi mwa Wairimu.